Mkutano Umekwisha, Bili Imebaki: Nani Aliwaita Polisi?

Usiku wa tarehe 16 Septemba 2019, Donald Trump alilala Albuquerque, jiji kubwa kuliko yote katika jimbo la New Mexico. Alikuwa rais aliye madarakani na papo hapo mgombea wa muhula wa pili. Mkutano wake wa kampeni haukufanyika hapo. Ulifanyika Rio Rancho, mji jirani. Albuquerque alikuja kulaza ubavu tu. Baadaye jiji likaiandikia kampeni yake bili ya dola 211,175.94.

Ukiifungua bili ile unakuta vitu vitatu. Zaidi ya dola 132,000 ni za polisi. Dola 7,500 ni za vizuizi vya barabarani. Kipengele cha tatu nilikisoma mara mbili: zaidi ya dola 71,000 ni malipo ya watumishi wa jiji ambao walishindwa kufanya kazi. Mitaa ya katikati ya mji ilifungwa, ofisi hazikufikika, watu wakabaki nyumbani na mshahara wa siku ukaendelea kuhesabika. Jiji likasema na hiyo ni juu ya mgeni.

Mgeni hakulipa. Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha tajiri bahili, wakacheka, yakaishia hapo. Ubahili unaweza kuwemo. Lakini hauelezi kwa nini jiji zima, lenye wanasheria wake na karatasi mkononi, linashindwa kumburuta mdaiwa mahakamani. Jibu liko kwenye swali ambalo mama lishe yeyote huuliza kabla hajapakua: hii sahani kaagiza nani?

Askari wa mji na mgeni wa taifa

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi bili ya namna hii ni kioja, na sababu ni jinsi polisi walivyoundwa. Tanzania ina Jeshi la Polisi moja chini ya IGP. Kenya ina Huduma ya Taifa ya Polisi. Mgombea urais akihutubia Mwanza, askari waliopangwa barabarani wanalipwa na serikali kuu, na mkurugenzi wa jiji hana la kumdai mtu zaidi ya labda usafi wa uwanja, zile chupa za maji na bendera za karatasi. Mgambo wa jiji, au kanjo kama wasemavyo Nairobi, kazi yao ni wamachinga na vibanda. Msafara wa rais hauwahusu.

Marekani ni vingine kabisa. Kuna vyombo vya polisi takribani 18,000, na vilivyo vingi ni vya miji na kaunti. Askari wa El Paso ameajiriwa na jiji la El Paso, mshahara wake unatokana na kodi za wakazi wa El Paso. Akikesha barabarani kwa sababu rais anapita, saa zake za ziada zinalipwa kutoka mfuko ule ule unaoziba mashimo ya lami na kuweka maktaba wazi. Mji unapopanga bajeti yake mwanzoni mwa mwaka haujui kama mgombea atakuja. Taarifa ikifika, mara nyingi zimebaki siku chache.

Juu ya askari hao wa mji kuna Secret Service, chombo cha serikali kuu. Kilikabidhiwa ulinzi wa marais baada ya William McKinley kuuawa mwaka 1901, kikaongezewa wagombea urais mwaka 1968 baada ya Robert Kennedy kupigwa risasi katikati ya kampeni. Kina watu waliobobea, ila hakina watu wa kutosha kusimama kwenye kila makutano ya barabara ya kila mji. Kwa hiyo kinaomba msaada. Watu wake hutangulia, wakapita njia yote kutoka uwanja wa ndege hadi ukumbini, wakihesabu njia panda, mapaa na milango ya nyuma. Hapa tunataka askari kadhaa. Pale mbwa wa kunusa mabomu. Gari la wagonjwa lisimame tayari, zimamoto wawe karibu, na malori yaliyojaa mchanga yaegeshwe kuziba mtaa huu ili gari lolote lisije likaparamia umati. Mkuu wa polisi wa mji anaandika.

Je, anaweza kukataa? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini hebu mfikirie meya ambaye jina lake litabaki kwenye vitabu kuwa ndiye aliyebana askari siku rais alipopigwa risasi mjini kwake. Hakuna anayekataa.

Basi mambo yamekaa hivi. Kampeni imechagua mji, tarehe na ukumbi. Secret Service imetaja idadi ya askari. Mji umetoa askari. Na katika watatu hao, hakuna aliyetia saini kwamba atalipa.

El Paso

Kisa kinachotajwa kuliko vyote ni cha El Paso, Texas, mji uliopakana na Ciudad Juárez ya Mexico, mto tu katikati. Tarehe 11 Februari 2019 Trump alihutubia kwenye El Paso County Coliseum, wakati ugomvi wa ukuta wa mpakani umepamba moto. Siku chache kabla, kwenye hotuba yake mbele ya Bunge, alikuwa ameueleza mji huo kama uliowahi kuwa miongoni mwa miji hatari zaidi nchini hadi ulipowekewa uzio. Meya wa El Paso alikanusha, naye ni wa chama hicho hicho cha Republican. Usiku huo huo Beto O'Rourke, mwanasiasa mzaliwa wa hapo, aliongoza maandamano na mkutano wa kupinga hatua chache tu kutoka ukumbini. Polisi wakawa na mizigo miwili: kumlinda rais, na kuyatenganisha makundi mawili yasiyopendana.

Bili ya jiji ilikuja dola 470,417.05. Fungu kubwa ni la polisi, halafu kuna zimamoto na idara nyingine za jiji zilizoingizwa kazini siku hiyo. Muda wa kulipa ukapita, jiji likaongeza faini ya ucheleweshaji ya asilimia 21, na jumla ikafika dola 569,204.63. Kwa shilingi ya Tanzania ya wakati ule ni zaidi ya bilioni 1.3. Mwaka 2020 jiji likaajiri kampuni ya mawakili kuzifuatilia. Kampeni za 2024 zilipofika, deni lilikuwa bado liko vitabuni.

El Paso haikuwa peke yake. Juni 2019, waandishi wa Center for Public Integrity, taasisi ya habari za uchunguzi, walizunguka wakikusanya bili na kukuta miji 10 inayodai kampeni ya Trump jumla ya dola 841,219. Tucson, Arizona, ilikuwa ikidai 81,837 tangu Machi 2016. Spokane, kule Washington upande wa Pasifiki, 65,124. Erie, Pennsylvania, 35,129. Burlington, Vermont, 8,464. Mimi ninaokaa nao akilini ni Lebanon, Ohio, mji wa watu kama 20,000 hivi, uliodai dola 16,191 kwa mkutano wa Oktoba 2018. Kwa New York fedha hizo ni chenji. Kwa mji wa watu 20,000 ni gari la polisi lililotumika, au kiangazi kizima cha kukata nyasi kwenye bustani za umma. Na hao ni waliodai. Miji mingi haiandiki bili kabisa. Huona ujio wa rais ni heshima, au huona karatasi yenyewe ni kupoteza wino.

Sasa angalia jambo moja kwenye orodha hiyo. Coliseum ya El Paso ni mali ya kaunti, siyo ya jiji. Uwanja wa maonyesho uliotumika Lebanon ni wa Kaunti ya Warren. Billings, Montana, iliyodai dola 42,811, iliona mkutano ukifanyika MetraPark, ambayo ni ya Kaunti ya Yellowstone. Kaunti za Marekani ni serikali nyingine kabisa, zina bajeti zake na viongozi wake. Kwa hiyo kampeni ilisaini mkataba wa ukumbi na mwenye ukumbi, ikalipa pango, na ikawa imemalizana naye. Jiji, ambalo ndilo lenye askari, halikukaa kwenye meza hiyo. Limebaki kama jirani aliyekuja kuosha vyombo vya harusi kisha akamletea bwana harusi hesabu ya sabuni.

Kila mmoja anamwonyesha mwenzake

Jibu la kampeni ya Trump limekuwa lile lile miaka yote: anayeratibu na polisi wa miji ni Secret Service, kampeni haijaingia mkataba na mji wowote kuhusu polisi, kwa hiyo wenye bili waipeleke huko. Ukisoma kwa jicho la wakili, si jibu la kipuuzi. Hakuna mkataba, na bili inayoletwa baada ya kazi kufanyika si mkataba.

Miji ikigeukia Secret Service, inaambiwa kwamba Bunge halijatenga fungu la kuzirudishia serikali za mitaa gharama za kusaidia ulinzi. Nao hawasemi uongo.

Kimebaki kwenda mahakamani. Wakili wa jiji angeweza kudai kwamba kampeni imejinufaisha kwa jasho la wengine, kwa hiyo haki inataka ilipe hata bila mkataba. Lakini mwenzake upande wa pili atauliza: waliohitaji askari ni kampeni, au ni nchi inayotaka rais wake abaki hai? Kesi kama hiyo inaweza kula mamilioni na miaka. Kwa deni la dola 16,000 hakuna diwani atakayeinyooshea mkono.

Wengine huuliza kwa nini basi miji isidai fedha kabla ya kutoa kibali. Hapa ndipo Katiba inapoingia, na ndipo mambo yanapokuwa matamu. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanalinda uhuru wa kusema na kukusanyika, na mikutano ya siasa ndiyo moyo wa uhuru huo. Mwaka 1941, katika kesi ya Cox dhidi ya New Hampshire, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mji unaweza kutoza ada ya kibali cha maandamano ili kufidia gharama za usimamizi na ulinzi. Miaka 51 baadaye ikaja kesi ya Kaunti ya Forsyth, Georgia. Mwaka 1987 maandamano makubwa ya haki za kiraia kwenye kaunti hiyo yalikuwa yamegharimu zaidi ya dola 670,000 za polisi. Viongozi wakatunga kanuni ya ada isiyozidi dola 1,000 kwa siku, huku msimamizi akiruhusiwa kuipandisha au kuishusha kulingana na ulinzi utakaohitajika. Kundi la kibaguzi lililotaka kuandamana kupinga sikukuu ya Martin Luther King likatozwa dola 100 na kwenda mahakamani. Mwaka 1992, kwa kura 5 kwa 4, likashinda.

Kilichowakera majaji wengi si kiasi cha fedha. Ni kwamba ada ilitegemea hasira za wapinzani: msimamizi angekaa na kukisia ni watu wangapi watakaokuja na mawe kwa sababu ya maneno ya msemaji, kisha amtoze msemaji huyo huyo. Kwa njia hiyo maneno yasiyopendwa yangekuwa na bei kubwa kuliko maneno matamu. Ukiitafakari, hukumu hiyo ni nzuri. Inamlinda pia mwanaharakati maskini ambaye meya hampendi. Lakini kwa mgombea anayeita umati na kuita wapinzani kwa mpigo mmoja, kama ilivyokuwa El Paso, imekuwa mwavuli mpana. Mji hauwezi kumwambia: wewe unawakasirisha watu, kwa hiyo utalipa zaidi.

Minneapolis ilijaribu. Oktoba 2019 Trump alikodi Target Center, ukumbi ambao ni mali ya jiji ila wakati huo uliendeshwa na kampuni ya AEG. Safari hii jiji lilikuwa na mkono ndani ya mkataba, walau kwa kupitia kwa mwendeshaji. Likaiambia AEG kwamba usalama na huduma nyingine zitagharimu dola 530,000, na AEG ikaupitisha mzigo huo kwa kampeni: lipeni kwanza, la sivyo ukumbi hakuna. Kampeni ikatishia kushtaki, ikadai kwamba Obama alipotumia ukumbi huo mwaka 2009 gharama zilikadiriwa kuwa dola 20,000 tu. Trump akamrarua Meya Jacob Frey kwenye Twitter. Ndani ya siku mbili AEG ikarudi nyuma, mkutano ukafanyika tarehe 10 kama ulivyopangwa, na gharama zikabaki mikononi mwa jiji. Kituko cha pembeni: meya alikuwa amewazuia askari kuvaa sare za kazi kwenye mikutano ya siasa wakiwa nje ya zamu, na chama chao kikajibu kwa kuuza fulana zilizoandikwa kwamba polisi wako na Trump. Yaani watu ambao saa zao za ziada ndizo zilizokuwa zikigombewa.

Hata kama si Trump

Mtu asidhani huu ni ugonjwa wa mgombea mmoja au chama kimoja. Mwaka 2012 Newport Beach, California, iliandika bili ya takribani dola 35,000 kwa harambee ya Barack Obama, nayo ikaelekezwa kwa Secret Service. Kampeni ya Bernie Sanders ya mwaka 2016 ilibishana na miji kadhaa, Tucson ikiwemo, kwa hoja iyo hiyo. Tofauti ya Trump ni wingi. Hakuna mgombea wa zama hizi aliyeujenga mkakati wake juu ya mikutano ya hadhara kama yeye, na anayeruka hadi mji mpya kila baada ya siku chache huacha bili nyingi nyuma yake.

Ipo hoja moja ya upande wa kampeni ninayoiheshimu. Rais ni rais saa 24. Akija El Paso kufungua daraja, jiji litatoa askari wale wale na halitamdai mtu. Kwa nini lidai kwa sababu tu amesimama jukwaani? Mimi jibu langu ni kwamba sheria yenyewe imeshawatenganisha watu hao wawili. Rais akitumia Air Force One kwenda kwenye kampeni, kamati yake ya kampeni inapaswa kurudisha sehemu ya gharama serikalini. Kama ndege inajua tofauti ya rais na mgombea, barabara ya El Paso nayo ingeweza kuijua. Tena mkutano wenyewe ni mradi. Kuingia ni bure, lakini unajiandikisha kwanza kwa namba ya simu, na kwa kampeni namba hiyo ina thamani kuliko tiketi: ndiyo itakayotumiwa ujumbe wa kuombwa mchango kesho asubuhi.

Na kusema kwamba Bunge halina njia ya kulipa si kweli pia. Miji inayoandaa mikutano mikuu ya vyama ya kuteua wagombea hupewa ruzuku ya ulinzi na serikali kuu: dola milioni 50 kila mmoja kwa miaka mingi, kisha milioni 75 mwaka 2024. Mwaka 2017, polisi wa New York na Florida walipoelemewa na ulinzi wa makazi ya Trump, Bunge lilitenga dola milioni 41 kuwafidia wao na New Jersey. Kwa hiyo mlango upo, na ufunguo upo. New York ina wabunge wengi wa kuupiga teke. Lebanon, Ohio, haina.

Kuhusu uwazi, kanuni za Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC, zinataka kamati ya kampeni iorodheshe hata madeni inayoyabishia, mradi ilipokea kitu chenye thamani. Bili za miji hazikuonekana kwenye taarifa za kampeni ya Trump. Nani wa kuuliza? FEC inahitaji makamishna wanne ili ichukue hatua, na kuanzia mwisho wa Agosti 2019 hadi katikati ya 2020 ilikuwa na watatu. Bili ya Albuquerque iliangukia humo humo, refa yuko uwanjani bila filimbi.

Kisha mdaiwa mwenyewe akabadilisha jezi. Kamati iliyoandaa mikutano hiyo, Donald J. Trump for President, Inc., iligeuzwa mwaka 2021 kuwa Make America Great Again PAC. Kamati ya 2024 ilisajiliwa upya, na kisheria ni mtu mwingine. Anayeshika karatasi ya 2019 na kubisha hodi kwenye ofisi ya 2024 anaweza kujibiwa, kwa adabu kabisa, kwamba anayemtafuta haishi hapo.

Tarehe 31 Oktoba 2024, siku tano kabla ya uchaguzi, Trump alirudi Albuquerque. Safari hii hakulala, na hakuhitaji ukumbi wa jiji wala wa kaunti. Alihutubia kwenye banda la ndege la kampuni binafsi karibu na uwanja wa ndege. Bili ya 2019 ilikuwa bado haijalipwa, riba ikiwa imepanda juu yake. Polisi wa jiji walikuwa barabarani.